Wavulana wangu wote wanataka kuwa mwizi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni fundi seremala, nina miaka 36, na huu ni mwaka wangu wa nne kufundisha shule ya Jumapili katika usharika wetu huku mlimani Kilimanjaro. Nilipewa wavulana wa miaka 9 hadi 13 kwa sababu hakuna mwalimu aliyewataka. Walikuwa wakishatoa sadaka wanachomoka mmoja mmoja, wanakwenda kuchezea mferejini mpaka ibada iishe. Mstari wa kukariri walikuwa wanaukariri huku macho yako dirishani.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha, hakuna pa kutorokea, nikawatungia hadithi. Niliwaambia zamani za Wajerumani palikuwa na kijana wa huku huku kwetu, jina lake Elisante, aliyetumwa na mwalimu wake kupeleka barua Taveta. Njiani kuna nyika, kuna simba, kuna Mto Lumi, na kuna mwizi wa misafara aitwaye Chui wa Lumi, ambaye analala juu ya miti, anachechemea mguu mmoja, na anapiga mluzi kama ndege. Niliishia pale Elisante anapousikia ule mluzi. Jumapili iliyofuata walifika kabla ya kengele.

Sasa ni miaka miwili. Kila Jumapili natoa kipande kimoja, na kila kipande nakifunga kwa fundisho: usiseme uongo, waheshimu wazazi, mtetee mnyonge, usiibe. Kutoka watoto 11 wamefika 27. Wazazi walinishukuru, nami nilifurahi sana, siwezi kukuficha.

Lakini mambo yamenichafukia. Kwanza, mzee mmoja wa kanisa, ambaye namheshimu kama baba yangu, aliniita pembeni akaniambia kwamba nyumbani mwa Mungu watoto wanapaswa kulishwa Neno, na hadithi ya kutunga ni uongo hata ukiipaka asali. Sikuwa na jibu.

Pili, baada ya ibada wavulana huigiza ile hadithi uwanjani. Nilikaa mbali nikawatazama. Wote wanagombania kuwa Chui wa Lumi! Elisante wanapewa wadogo, kwa lazima. Nilimuuliza mwanangu mwenye miaka 10 kwa nini. Akanijibu, "Baba, Elisante haogopi chochote kwa sababu wewe ndiye unayemtunga." Maneno hayo yaliniuma kuliko ya mzee wa kanisa.

Tatu ni hili la mtoto ambaye nitamwita Danieli, ingawa si jina lake. Ana miaka 12, analelewa na bibi yake anayeuza ndizi sokoni. Mwezi wa pili nilimwona kwa macho yangu akichukua noti kwenye kikapu cha sadaka ya watoto, shilingi 3,000 kwa jumla. Hakuna mwingine aliyeona. Sikumwambia mtu, wala yeye sikumwambia. Nilikwenda nyumbani nikaibadilisha hadithi. Jumapili iliyofuata Chui wa Lumi aliiba fedha za mwalimu, akakimbia, akajaribu kuvuka mto uliofurika, na mto ukamchukua. Nikasema, ndivyo Mungu anavyowafanyia wezi. Sikumtaja Danieli, Mama. Lakini nilimwangalia.

Hajarudi tena. Ni Jumapili ya saba. Nikipita sokoni bibi yake ananisalimia vizuri tu, na mimi nashindwa kuuliza.

Nilidhani nawajenga hawa wavulana. Nilitaka wapate kitu ambacho mimi sikukipata, maana hata mimi nikiwa na miaka 12 niliuza debe la kahawa ya baba, nikakimbilia Himo, nikalala stendi usiku mbili. Lakini hayo ni ya zamani. Je, niache hadithi nirudi kwenye mistari ya kukariri? Au niache kufundisha kabisa? Nisaidie.

Mwalimu wa wavulana, Kilimanjaro

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Umeniandikia mambo matatu, na umeyapanga kama wengi wetu tunavyofanya tukiwa na mzigo: ukaanza na linalosemeka kirahisi, ukaacha zito likae mwisho. Mzee wa kanisa ana neno na hadithi za kutunga. Watoto wanampenda mwizi kuliko shujaa. Na kuna mvulana mmoja aliyesikia hadithi akaenda zake, nawe unahisi kwamba wewe ndiye uliyemfukuza. Nadhani haya yanashikana kuliko yanavyoonekana, lakini niruhusu nianze na mzee wako.

Anasema kutunga ni uongo. Mkumbushe kwa adabu habari za nabii Nathani katika 2 Samweli 12. Daudi amemchukua mke wa Uria na kumuua mumewe, na Mungu anamtuma Nathani kwake. Nathani hafiki na mstari wa kukariri. Anamtungia mfalme hadithi: tajiri mwenye kondoo wengi, maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake, na jinsi tajiri alivyomnyang'anya. Kondoo huyo hakuwahi kuzaliwa. Hata hivyo Daudi alimkasirikia yule tajiri kama mtu wa kweli. Hata Bwana wetu, alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa hadithi ya mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia kwa wanyang'anyi. Kutunga peke yake si kosa.

Ila usikimbilie kumshinda mzee kwa hoja. Huenda hofu yake si uongo hasa. Huenda anaogopa kwamba watoto hawa watakua wakimjua Elisante vizuri kuliko wanavyomjua Daudi, na hofu hiyo ina haki yake. Jipime mwenyewe: waulize wavulana wako 27 Daudi alifanya nini baada ya kumpiga Goliathi, usikie watakachokujibu. Kama wote watanyamaza, mzee amekuonyesha kitu.

Na Biblia ina safari za hatari ambazo watoto wetu hawajawahi kusimuliwa. Fungua Matendo 23. Watu zaidi ya 40 wamekula kiapo: hawatakula wala kunywa mpaka wamuue Paulo. Anayezisikia njama hizo ni mtoto wa dada yake Paulo. Jina lake hatupewi. Anaingia ngomeni mwa askari, anamweleza mjomba wake, anapelekwa kwa jemadari, na yule jemadari wa Kirumi anamshika mkono, anakwenda naye kando, anamuuliza: una nini cha kuniambia? Usiku huohuo, saa tatu, yaani saa tatu ya usiku kama tunavyohesabu sisi, wanatoka askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 kumsindikiza Paulo. Wote hao wameamshwa na maneno ya kijana mmoja ambaye angeweza kuogopa akanyamaza. Nimewasimulia watoto wengi habari hii, na kila mara mmoja wao huuliza, "Je, wangemkamata?" Hapo anakuwa ameingia ngomeni pamoja naye.

Au chukua Ziklagi, 1 Samweli 30. Daudi na watu wake 600 wanarudi na kukuta mji umechomwa, wake na watoto wametekwa. Wanalia mpaka nguvu za kulia zinawaishia. Wapo akina baba huko kwenu, kama walivyo huku kwetu, wanaowaambia wavulana kwamba mwanamume halii; waache wakutane na hawa. Kisha wanawafuata wateka nyara. Wakifika kijito cha Besori, watu 200 wamechoka, hawawezi kuvuka. Wanaoendelea ni 400. Njiani wanamwokota mtumwa Mmisri aliyetupwa na bwana wake kwa kuwa aliugua, hajala siku tatu. Wanampa mkate na tini na zabibu, na yeye ndiye anayewaonyesha njia. Wanaporudi na ushindi, baadhi ya wale 400 wanakataa kugawana na waliobaki kijitoni. Daudi anasema hapana, aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo wapate sawasawa. Hapo hakuna haja ya kusema, "Watoto, tunajifunza kwamba." Kila mtoto aliyewahi kuachwa nyuma katika mbio ameshaelewa.

Sitaki uone hii kama dawa. Hadithi za Biblia nazo zina hatari zake mikononi mwa mwalimu. Wavulana wanaweza kumpenda Samsoni kwa sababu ya mfupa wa taya tu. Nasi tunaweza kumpiga pasi Daudi mpaka naye awe Elisante.

Na hapo ndipo nifike kwa mwanao, ambaye Mungu ambariki. Wewe umesikia kwamba wavulana wanapenda uovu. Mimi sina hakika. Ebu tumtazame huyo Chui wa Lumi uliyemtunga. Anachechemea. Analala juu ya miti, maana yake hana nyumba. Anajua mluzi wa ndege. Anaogopa kukamatwa. Katika hadithi yako yote, mwenye njaa, mwenye kidonda na mwenye hofu ni yeye peke yake. Elisante ana majibu tu. Inawezekana watoto hawauchagui wizi; wanamchagua mtu aliye hai. Mvulana wa miaka 11 anayeogopa mwalimu wa hesabu, anayekojoa kitandani kwa siri, aliyemdanganya mama yake jana jioni, ataingilia wapi kwa Elisante? Kila mlango umefungwa kwa fundisho.

Unaweza kumwacha Elisante aanguke. Aisome barua aliyokatazwa kuifungua. Amwache mwenzake nyikani kwa hofu, halafu usiku asipate usingizi. Ukifanya hivyo ujue mambo mawili. Yupo mzazi atakayesema unawafundisha watoto dhambi, na mzee wako wa kanisa anaweza kuwa wa kwanza. Pili, ukimwangusha Jumapili hii na kumsamehe Jumapili ijayo, watoto watajifunza kwamba toba ni kitu cha dakika tano. Kama ataanguka, mwache akae na kosa lake muda, na wao wakae nalo.

Tena wakati mwingine jaribu kukaa kimya mwishoni. Huko huko kwenye njia za misafara kuna habari ya kweli inayofaa. David Livingstone alipokufa kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Njiani walifika mahali ambapo wenyeji hawakukubali maiti ipite. Wakafunga mabua ya mtama kama maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo kana kwamba wanakwenda kuizika, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo, wakapita. Walikuwa waaminifu kwa aliyekufa, na walidanganya walio hai. Waulize wavulana: walifanya vizuri? Usiwape jibu. Waache wabishane mpaka mferejini. Najua inatisha, kwa sababu unawapeleka nyumbani bila neno la kufungia, na mtoto anaweza kuondoka na jibu usilolipenda. Lakini utakuwa umelisikia. Sasa hivi huyasikii majibu yao, kwa kuwa unawahi kuyatoa wewe.

Sasa Danieli.

Nirudi kwa Nathani, kwa sababu nawe ulifanya kama yeye, nusu. Uliona dhambi, ukatunga hadithi ya mwizi. Lakini Nathani alimwendea Daudi mwenyewe. Maneno "wewe ndiwe mtu huyo" aliyasema kwa mtu aliyekuwa mbele yake, akabaki pale kusikia Daudi akisema nimefanya dhambi, naye ndiye aliyempa jibu kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Adhabu ilikuwepo, sifichi, na ilikuwa chungu. Lakini Daudi hakuachwa peke yake na ile hadithi. Danieli aliipata mbele ya wenzake 26, kwa jicho la mwalimu anayempenda, na hadithi ikaishia mtoni.

Nasema haya si kukupiga. Uliogopa kumwaibisha kwa maneno ya wazi, ukatafuta njia ya upole, na njia hiyo ikawa kali kuliko ulivyotaka. Nimeyaona haya kwa walimu wazuri sana, na kwa mama mmoja ambaye ni mimi.

Hata hivyo nikuulize: una hakika ameacha kuja kwa sababu hiyo? Inawezekana. Inawezekana pia bibi anamhitaji sokoni siku hiyo, au anaumwa miguu na mtoto ndiye mchukuzi. Inawezekana zile 3,000 zilikuwa na kazi ambayo hujaijua: daftari, dawa, deni, au pipi tu. Kwa wiki saba umekuwa ukiishi na hadithi ya Danieli uliyoitunga mwenyewe. Aliyenayo ya kweli ni yeye.

Njia zako ni chache, na hakuna iliyo salama kabisa. Ukisubiri arudi mwenyewe, huenda akarudi. Lakini kwa mtoto wa miaka 12, wiki saba za kimya cha mwalimu zinaweza kusikika kama hukumu. Ukimwambia mchungaji akusaidie, utakuwa na mtu mzima mwenye hekima, ila siri ya mtoto itakuwa imetoka mikononi mwako, nawe huwezi kuirudisha. Ukienda nyumbani kwao, bibi atataka kujua umekuja kwa lipi, na ukimwambia habari ya noti unaweza kumletea mtoto fimbo au, vibaya zaidi, kumfanya yule mama mzee akose uso wa kupita kanisani. Ukienda na usimwambie, unambebea mtoto siri mbele ya mlezi wake, na hilo nalo linataka kupimwa. Mimi ningejiuliza kwanza nakwenda kutafuta nini: fedha, ungamo, au mtoto? Majibu hayo yanaelekea nyumba moja, lakini ukishapiga hodi hutasema maneno yaleyale.

Kama utakwenda, kaeni mahali pa wazi, barazani au chini ya migomba, bibi awaone hata kama hasikii. Labda usianze na kikapu cha sadaka. Petro alipomkana Bwana mara tatu, walipokutana tena kando ya ziwa alikuta moto wa makaa, samaki na mkate. Walikula kwanza. Maswali yalikuja baada ya chakula, na hata yalipokuja hayakuwa "kwa nini ulifanya vile." Pengine neno lako la kwanza kwa Danieli ni kuhusu wewe: kwamba siku ile ulimwangalia, na kwamba hukutakiwa kumwangalia vile. Linaweza kumfungua. Linaweza pia kumfanya akimbie ndani, au akuambie "sijui unasema nini, mwalimu," nawe urudi nyumbani mikono mitupu. Uwe tayari kwa hilo, na uwe tayari kurudi tena.

Kuhusu hadithi, utashawishika kumfufua Chui wa Lumi Jumapili ijayo ili Danieli asikie habari kwamba mwizi hakufa. Fikiri kidogo hapo. Utakuwa umemtumia tena ujumbe kwa mlango wa nyuma, na huyu ni mtoto anayesoma macho ya watu. Lakini nimeona kitu katika barua yako: umesema mto ulimchukua, hukusema kwamba alikufa. Ukishakwenda kwao, na kama moyo wako utaona sawa, waulize wavulana wenyewe nini kilitokea kule chini mto unakopita.

Umeniuliza kama uache kufundisha. Hilo sitalijibu, ni lako na la Mungu wako. Ila kuna mstari mmoja kwenye barua yako nimeurudia mara tatu, ule uliousema haraka na kuumalizia na "hayo ni ya zamani." Mvulana wa miaka 12. Debe la kahawa ya baba yake. Barabara ya kushuka Himo, usiku mbili stendi, peke yake. Mwanao alisema Elisante haogopi kwa sababu wewe ndiye unayemtunga. Je, ameshawahi kukusikia ukisimulia kuhusu kijana huyu mwingine, ambaye hukumtunga? Anaweza kukuona mdogo kidogo baada ya hapo. Ni haki yako kukaa nayo, na si kila jambo la mzazi ni la kupewa mtoto wa miaka 10. Lakini mimi, niliyekuwa nasoma tu, nilibaki na swali moja hukulijibu. Hukuniambia ni nani aliyekuja stendi kukuchukua, na alikuambia nini mlipokuwa mnapanda mlima kurudi nyumbani.

Niandikie.

Mama Mshauri